Mama Mkwe wa Betri Sita

Jumatatu, 1 Mei 1995

Mei Mosi. Sikukuu ya wafanyakazi. Nchi nzima imepumzika isipokuwa mimi, ambaye sina hata kazi. Tangu alfajiri niko juu ya dungu naamia mpunga, ndege wasiule. Miti minne, kichanja, paa la nyasi, na mimi juu nikipiga kelele mpaka jua lizame. Swiii! Hoyaa! Kwelea kwelea wanakuja kama wingu, wanatua, wanakula, wananitazama. Ilipofika saa tatu asubuhi sauti imekwisha. Sasa nalia kama mlango wa stoo.

Shamba si langu. Ni la mama mkwe, Mama Emerensiana. Ametupa mimi na mke wangu Fausta msimu mmoja wa majaribio. Masharti alinitumia mtu aniambie, maana hapa Usevya mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Tukitoa magunia kumi, shamba ni letu daima. Yakipungua hata moja, linakwenda kwa Maiko.

Maiko ni mwanyumba wangu, kamuoa mdogo wake Fausta. Jaruba lake limepakana na langu. Anaimba besi kwaya ya kigango. Ana mabega. Simpendi.

Fausta naye ana masharti yake. Kasema shamba likienda kwa Maiko, yeye na mikeka yake wanarudi kwa mama. Kasema huku anachambua mboga, hata sauti hakupandisha. Hapo ndipo niliogopa.

Nimewaza mchana kutwa. Mwaka tisini na moja niliishi Mpanda mjini miezi mitano, nikilinda stoo ya tumbaku. Nilijifunza jambo moja kubwa. Mtu wa mjini hapigi kelele mwenyewe. Ana chombo cha kumpigia.

Alhamisi, 4 Mei

Mnada wa Kibaoni. Nimebadilisha baiskeli kwa redio kaseti!

Kanipa Pontien, mfanyabiashara wa Katumba, mtu wa maneno matamu. Redio kubwa, ina mpini, ina taa nyekundu. Imeandikwa "Japani" kwa kalamu ya wino. Nilimuuliza kama kaseti ikiisha inajirudia yenyewe. Kaapa inajirudia. Nikamuuliza tena. Kaapa tena, safari hii kwa jina la mama yake. Mtu akiapa mara mbili unataka nini zaidi?

Nimerudi kwa miguu, redio kichwani. Fausta kauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia imepanda cheo. Kauliza siku ya mavuno magunia yatabebwa na nini. Wanawake wanawaza mambo ya mbali mno.

Redio inatumia betri kubwa sita, mawe kama tunavyoyaita huku. Dukani wamekubali kuku mmoja kwa mawe mawili. Kwa hiyo kuku watatu. Kuku ni wa Fausta. Hajajua bado. Mpaka naandika haya yuko uani anaita ku-ku-ku-ku.

Ijumaa, 5 Mei

Bonde zima linajua kwelea kwelea wanamuogopa mtu mmoja tu: mama mkwe. Yule mama akipiga ukelele, ndege wanahama jaruba lake mpaka Sitalike. Mungu kampa koo la bati. Basi kwa nini nitumie sauti yangu mbovu na yake ipo?

Kaseti tupu sina. Nimechukua ya Fausta, ile ya kwaya siku ya kuzindua kigango. Anaipenda sana kaseti hiyo, ingawa redio ya kuipigia hajawahi kuwa nayo. Nimeziba vile vitobo vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya. Mambo ya mjini hayo.

Alfajiri nimejilaza kwenye mpunga chini ya dungu lake, matope mpaka kwapani, redio juu ya tumbo. Nimefumba macho muda wote. Heshima ya mkwe ni heshima, hata ukiwa matopeni. Juu yangu mama mkwe kaanza kazi. Lo! Meno yangu yalicheza. Kati ya kelele na kelele alikuja rafiki yake, Mama Specioza, wakapiga soga. Soga za wanawake hazinihusu. Sikusikiliza, na mbu walikuwa wamejaa masikioni.

Dakika thelathini, upande mzima. Ruba mmoja, paja la kushoto. Maendeleo yana gharama zake.

Jumamosi, 6 Mei

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Nimeiweka redio juu ya dungu saa kumi na mbili asubuhi. Nimebonyeza. Sauti ya mama mkwe ikapasua bonde. Ndege wakaruka wote, haki ya Mungu, wote, kama vumbi la barabarani lori likipita. Hawakurudi mpaka saa nne.

Shida moja ndogo. Mimi ni mkwe. Nikisikia sauti ya mama mkwe, miguu inaniondoa yenyewe. Nilivyolelewa ndivyo hivyo. Kila redio ilipopiga "Hoyaa!" nilijikuta nimeruka dunguni na kuchuchumaa kichakani, kichwa chini. Nimeruka mara ishirini na mbili. Nyonga inauma.

Lakini Maiko! Oh, Maiko! Na yeye ni mkwe wa mama huyo huyo. Alipanda dungu lake kuamia, akasikia mama mkwe anapiga kelele jaruba la jirani, akashuka mbio akajificha. Akasubiri aondoke. Hakuondoka! Kutwa nzima mwanaume mzima na mabega yake kachuchumaa nyuma ya kichuguu, na ndege wangu wote wamehamia kwake. Nimecheka mpaka nikasahau nyonga.

Jioni watu wamejaa kuja kuona. Wengine wametoka Mamba kwa miguu. Wazee wameizunguka redio wakitafuta mama mkwe kaingilia wapi. Nimewaeleza kwamba miaka mitano ijayo hakuna mtu atakayepiga kelele kwa mdomo katika bonde hili. Mama mmoja kauliza sasa wakikaa kimya huko madunguni watajuaje jirani kaamkaje. Maana huko ndiko wanakosalimiana, wanakopeana habari, wanakotukanana. Swali la kijinga.

Kitu kimoja sikukipenda. Kaseti ilipofika katikati, mama mkwe kaacha kufukuza ndege akaanza kuongea na Mama Specioza. Kasema, mbele ya kijiji kizima, kwamba Melkior, yaani mimi, angezaliwa jogoo angesubiri mwingine awike. Watu wameanguka kicheko. Wivu tu. Kila anayetangulia husemwa.

Jumapili, 7 Mei

Misa. Nimeiacha redio ikifanya kazi. Hii ndiyo raha ya mashine, haina dini. Nimekaa benchi la mbele na kumtazama Maiko kwa huruma ya Kikristo.

Kumbe kaseti haijirudii! Jana kila ilipozima nilidhani nimeigonga kwa kuruka, nikairudisha. Ikiisha, inakatika taa na kulala kimya, na mtu lazima aende airudishe mwanzo. Pontien! Na mama yake aliyeapiwa! Nimerudi saa sita nimekuta ndege wamefunika jaruba lote. Wengine wamekaa juu ya redio yenyewe. Mmoja yuko kwenye mpini anajikuna.

Nimeigeuza haraka. Haraka haraka haina baraka, nimeweka upande wa pili ambao sikuurekodi. Ikaanza kwaya. Besi ya Maiko ikajaa bonde zima, "Twende kwa shangwe mavunoni". Ndege hawakuruka hata mmoja. Waliendelea kula, tena kwa mpangilio.

Fausta alikuwa nyuma yangu. Katambua kaseti yake. Kageuza kusikiliza upande wa kwanza. Badala ya wimbo wake wa Bikira Maria kamsikia mama yake anasema mimi si jogoo. Ameondoka na jembe, na jembe halikuwa la kulima.

Jumatatu, 8 Mei

Hesabu mpya. Kaseti ni dakika thelathini. Kwa hiyo kila dakika thelathini lazima nipande dunguni niirudishe. Kwa hiyo niko dunguni kutwa nzima, kama zamani. Lakini kuna tofauti kubwa: sipigi kelele. Nimemweleza Fausta tofauti hiyo. Kasema haioni.

Mawe yameanza kuchoka. Nimeyaanika juani juu ya bati. Nimeyauma kwa meno kama tunavyofanya ili yarudishe nguvu, nikapata dakika kumi na mbili na ladha ya msumari. Basi nimechukua mapya. Kuku wengine watatu, akiwemo yule wa kishingo. Fausta sasa anajua. Kasema ndege wanakula mpunga na redio inakula kuku, na afadhali ndege, wao wakishiba wanaondoka.

Ni maneno makali kwa mtu anayejenga taifa.

Mawe ya zamani nimeyatupa mferejini. Kitu kikiisha kazi kinatupwa, ndivyo mjini wanavyoishi, wala hawasumbuki. Mchana mengine yalikuwa yamepasuka na maji yanapita meusi tii. Chini ya mfereji ndipo Fausta alikuwa ameloweka gauni lake jeupe la Legio ya Maria. Halikuwa tena jeupe. Perege watatu wameelea tumbo juu. Nimesema wameshiba. Nimewasukuma kwa kijiti waende kwa Maiko.

Jumanne, 9 Mei

Leo naandika kwa shida.

Saa kumi alasiri mawe mapya yakaanza kufa. Mapya! Nahisi ya duka lile yalikuwa yamekaa tangu Uhuru. Mawe yakichoka redio inazubaa, na sauti inashuka. Ile "Hoyaa!" ya mama mkwe ikawa "Hooooyaaaaauuuu" ya mzee anayechinjwa taratibu. Na pale anapowaambia ndege "Huyo, mshike, amekula!" ikawa sauti ya kutoka kaburini, ikivutika, ikilia, ikikwama, ikilia tena. Mimi mwenyewe nywele zilisimama. Nilikuwa kichakani kwa heshima, lakini nikabaki kwa woga.

Ng'ambo ya bonde wanakaa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Kamanda wao wa sungusungu ni Makoye. Sheria ya sungusungu kila mtu anaijua: ukisikia yowe, unaacha hata tonge mdomoni, unachukua upinde unakimbia. Asiyekimbia ndiye mwizi. Walisikia mtu anachinjwa katikati ya mpunga wa Melkior. Walikimbia.

Mungu wangu! Watu arobaini. Filimbi, pinde, marungu, kifua wazi, mbio. Na kwa kuwa aliyechinjwa haonekani, wakagawanyika kumtafuta. Wameukanyaga mpunga kwenda, wameukanyaga kurudi, wameukanyaga kwa mzunguko. Nilitoka kichakani nikipunga mikono niwasimamishe. Wakaona mtu anatoka kichakani mwenye matope. Basi wakanikimbiza mimi, na mimi, nikatize wapi tena, nikakatiza katikati ya mpunga.

Walinikamata kwenye ngwe iliyokuwa imebaki nzima. Haijabaki nzima.

Makoye kapanda dunguni kuokoa maiti. Kakuta redio. Kaitazama. Redio ikamwambia, taratibu, kwa sauti ya mzee wa ahera, "Uuuuwiiiii." Kamanda karuka chini. Wanasema ni mara ya kwanza.

Kwelea kwelea wa wiki nzima hawajala hata robo ya kilichokanyagwa leo. Nimelia kidogo. Fausta kaniona. Kaniletea maji ya kunawa, kisha akakumbuka, akaondoka nayo.

Jumatano, 10 Mei

Baraza la sungusungu. Kosa: kupigisha yowe la uongo. Mimi nimetetea kwamba sikupiga yowe, aliyepiga ni mama mkwe. Wakaitwa mama mkwe na wakwe zake wote wawili. Mimi na Maiko tumekalishwa tumempa mgongo, kama watoto wa shule walioadhibiwa. Nimeongea na ukuta asubuhi nzima.

Makoye kasema ushahidi usikike. Jamaa mmoja akatoa mawe mawili mawili kwenye tochi tatu za askari. Kaseti ikaanza. Mwanzoni kelele za ndege, watu wakaguna kwa heshima, maana kwa kweli mama mkwe ni fundi. Kisha soga. Lile la jogoo. Watu wakacheka, Maiko akacheka kwa besi. Kisha nikasikia kwa mara ya kwanza kilichofuata. Mama mkwe kamwambia Mama Specioza kwamba Maiko naye ni mabega tu, ukimgonga kichwani panaitika. Nilitamani kumtazama Maiko lakini tulikuwa tunatazama ukuta. Nimeridhika hivyo hivyo.

Kisha ikasema kwamba Makoye na ng'ombe zake, ukiwaona njiani, huwezi kujua nani anamchunga nani.

Nyuma yangu nikamsikia mama mkwe anasimama, tena halisi, bila betri. Kasema ndiyo, alisema, na kama hawakusikia vizuri atarudia. Kasema yeye alikuwa anaongea na rafiki yake dunguni, juu kabisa, ndege tu ndio wanasikia, na hajui ni tangu lini maneno ya watu wawili yanakamatwa na kufungwa kwenye sanduku kama kuku wa mnadani. Akakaa. Kamanda akakohoa. Kasema kwa kweli mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ana haki.

Hukumu: redio ikae kwa kamanda mpaka mavuno yaishe. Kaseti nirudishiwe niiharibu mwenyewe, maana ina maneno ya mtu. Na kuanzia kesho niamie kwa mdomo wangu. Kwa mdomo! Mwaka 1995!

Mama mkwe alipopita nyuma yangu kamwambia Fausta, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba magunia ni kumi vilevile. Arobaini waliokanyaga hawakuwa kwenye masharti.

Ijumaa, 12 Mei

Wamesema niharibu kaseti. Hawakusema niiharibu vipi.

Nimetoa utepe wote tumboni. Ni mrefu ajabu, mweusi, unang'aa. Nimeufunga kutoka kigingi hadi kigingi juu ya mpunga uliobaki. Upepo ukiupiga unavuma "wuuuuu", na jua likiupiga unametameta. Ndege wamekataa kabisa kutua! Bila betri! Bila kuku! Bila mtu dunguni! Nimelala chini ya dungu, kivulini, kama waziri.

Saa nane. Nimeamshwa na utulivu. Utepe hauvumi. Umepungua nusu. Nimetazama juu kwenye mgunga. Kuna ndege wale wasuka viota, mnana. Wameukata vipande, wanausukia viota. Viota kumi na tano vyeusi vinavyong'aa, vizuri kuliko nyumba yangu. Sasa hata kuzaliana watazaliana vizuri, kwa mali yangu.

Nusu iliyobaki ilikuwa kando ya mfereji. Ng'ombe mwekundu wa Makoye alikuja kunywa maji. Kaanza na ncha. Nilipofika alikuwa anavuta kama mtoto na tambi. Nimeshika upande wangu nikavuta. Yeye ana meno. Umekatika.

Ng'ombe wa kamanda amemeza dakika kumi na tano za mama mkwe.

Jumamosi, 13 Mei

Makoye hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kasema kwa upole kwamba ng'ombe huyo ana mimba, na kwamba mifuko ya rambo ilimuulia wawili kule mnadani mwaka jana, tumboni walikutwa wamejaa nailoni kama duka. Kasema mimi nitamfuata huyu, hatua kwa hatua, mpaka nilichomlisha kitoke chote na nimletee akione. Akifa, tutaongea mengine. Alipotaja wale wawili macho yalimlowa. Sikujua kwamba mtu mkubwa vile anaweza kumlilia ng'ombe. Niliona aibu, kwa muda.

Nimemfuata kutwa. Ng'ombe anatembea sana. Anakwenda, anasimama, ananitazama, anakwenda. Watu wa barabarani wananisalimia na kuuliza kama nimeajiriwa. Kufikia saa kumi na moja nimepata urefu wa kidole kimoja.

Na mpunga? Nimemuuliza ng'ombe. Anacheua.

Jumatatu, 15 Mei

Umetoka! Wote, au karibu wote. Nimeuosha, nimempelekea Makoye mkononi. Kaupima kwa macho, kampapasa ng'ombe tumbo, kanipa maziwa kibuyu kimoja. Siku tatu! Nimekonda. Ng'ombe kanizoea, ananifuata sasa yeye.

Nimekimbia shambani nikitegemea kukuta mabua. Sivyo. Juu ya dungu langu alikuwa amekaa Fausta, na dungu la pili mama yake, na la tatu Mama Specioza, na kuendelea, wanawake saba bonde zima. Mmoja akipiga, mwingine anapokea, wa tatu anamalizia, na katikati wanapeana habari za fulani na fulani. Ndege hawana pa kutua. Wanazunguka angani kama waliopotea. Fausta sauti imemkauka, macho mekundu, tangu Jumamosi hajashuka ila kulala. Miche iliyolala ameinyanyua na kuifunga mafungu mafungu kwa nyasi, mmoja mmoja.

Nilisimama pale na kibuyu changu. Nampenda sana mke wangu, sijui kama niliwahi kuandika hivyo humu. Nilitaka kumwambia. Lakini mama mkwe akapiga "Hoyaa!" na mimi nikawa tayari niko kichakani.

Jumamosi, 27 Mei

Magunia kumi! Tumepura, tumepepeta, tumeshona. Kumi kamili, hakuna hata debe la ziada. Nimeyahesabu mara nne, nimeyapiga vibao kama mafahali. Shamba ni letu! Fausta kacheka leo, mara ya kwanza tangu Mei Mosi, akanipigapiga mgongoni vumbi la mpunga. Mama mkwe katuma neno: atakuja Jumatatu ijayo, si hii, kuyahesabu kwa macho yake, na mzee wa kigango atakuwa shahidi.

Makoye kanirudishia redio. Fausta kasema niipeleke mnadani Alhamisi nikaichukue baiskeli. Kasema hivyo tu, hana neno lingine. Nimekubali. Nimeapa. Mara moja tu, lakini kwa moyo.

Alhamisi, 1 Juni

Mnada wa Kibaoni. Baiskeli imeshauzwa! Si kosa langu. Pontien kasikitika sana, sana, hata kanishika mkono.

Lakini katika mazungumzo nikaona tulikosea wapi. Redio haikuwa tatizo. Sauti ya mama mkwe haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa yale mawe madogo na spika ndogo. Pontien anayo spika ya tarumbeta, ile ya mikutano ya hadhara, mdomo wake unaingia kichwa cha mtu mzima. Na betri ya gari! Betri ya gari haichoki. Kaapa.

Kwa magunia mawili tu.

Nimemwambia hapana. Nimemtajia mke wangu. Nimemwambia kumi ni kumi. Kasema ananielewa, kasema ila Maiko naye alikuwa anaitazama.

Saa tisa, Fausta akiwa kwenye Legio, gari la Pontien limepita nyumbani likapakia. Spika nimeificha darini. Magunia mawili nimeyajaza pumba za mashineni, juu nimefunika mpunga vitanga viwili vitatu, nimeshona. Yanaonekana kumi. Nayo ni kumi, kwa idadi. Haya mawili ni mepesi, kwa hiyo nimeyaweka mbele, karibu na mlango, nisihangaike kuyabeba mpaka ndani.

Jumatatu, 5 Juni

Naandika nyuma ya ghala. Mama mkwe yuko ndani, kwa hiyo heshima inanitaka nikae huku. Kila kitu kinakwenda vizuri. Kahesabu kwa sauti: kumi. Mzee wa kigango kasema kumi. Fausta kapiga kigelegele. Maiko yuko getini na uso wa muhogo mbichi. Nimejiminya nisipige kelele za furaha.

Sasa mama mkwe kasema kabla hajatamka neno, atatoa ungo mmoja wa sadaka ya malimbuko. Kamwambia Fausta afungue gunia la mlangoni, lililo karibu.

Kapepeta. Nasikia ungo. Shwaa, shwaa. Upepo umepeleka kila kitu hadi huku kwangu, pumba zimenijaa kwenye daftari. Ungo umebaki mtupu. Kachota tena. Shwaa. Mtupu.

Mama mkwe ametamka neno. Kumbe lilikuwa fupi. Maiko anasema ahsante mama, kwa besi. Nasikia Fausta anakunja mikeka. Mmoja. Wa pili. Ule mkubwa wa chumbani. Nimeumia. Nimeumia kwelikweli, kalamu inateleza. Nimemwita jina lake kwa ukutani, taratibu. Nasikia kamba inafungwa.

Lakini yote haya kwa sababu ya ungo! Ungo, mwaka 1995, mtu mzima anasimama juani anatikisa mikono kama bibi yake! Sumbawanga kuna mashine ya kupepeta, nimeisikia, unamwaga huku unazungusha mpini unapata huku. Ningekuwa nayo, ningepepeta mwenyewe kabla hajafika na hili lisingetokea. Pontien lazima anamjua mwenye nayo.

Na magunia manane bado yapo.